Kikombe cha Nyonga

Februari 2012 magazeti ya Ulaya yaliandika habari za taya. Bibi mmoja wa miaka 83 nchini Uholanzi alikuwa ameharibikiwa taya la chini kwa maambukizi ya mfupa, na umri wake haukuruhusu ule upasuaji mrefu wa kujenga taya upya kwa mifupa ya sehemu nyingine za mwili. Miezi kadhaa kabla, Juni 2011, madaktari wa Sittard-Geleen, wakishirikiana na Profesa Jules Poukens wa Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, walikuwa wamemwondolea taya lile na kumwekea jingine la titani, lenye uzito wa gramu 107. Kampuni ya Ubelgiji, LayerWise, ililichapa kwa leza kutoka kwenye unga wa chuma, tabaka juu ya tabaka. Upasuaji haukuzidi muda wa saa 4, na kesho yake bibi yule akaweza kusema na kumeza.

Ilikuwa habari njema na ya kweli. Kasoro yake ni kwamba iliwafundisha wasomaji nusu ya jambo. Walielewa kwamba uchapaji wa 3D ni fundi cherehani wa tiba: mgonjwa mmoja, kipimo kimoja, kiungo kimoja kisicho na mwenzake duniani. Kumbe siku hiyo taya likishangiliwa, maelfu ya watu walikuwa tayari wanapanda ngazi, wanalima bustani na kukimbilia mabasi wakiwa na vipande vilivyochapwa ndani ya nyonga zao. Vipande hivyo havikupimiwa mtu. Vilitoka kiwandani kwa saizi zilizopangwa, kama viatu vya dukani, vikiwa na namba na boksi. Kwa maoni yangu historia yenyewe iko huko, kwenye kikombe cha nyonga, na taya ni tanbihi yake.

Nyonga ni tufe ndani ya kikombe. Kichwa cha mfupa wa paja huzunguka ndani ya shimo la mfupa wa nyonga, na kati yao kuna gegedu laini. Gegedu likilika, mfupa husagana na mfupa, na mtu hushindwa hata kujigeuza kitandani. Katika miaka ya 1950, John Charnley, daktari wa mifupa wa hospitali ya Wrightington huko Lancashire, Uingereza, aliamua kubadilisha pande zote mbili: tufe la chuma cha pua, kikombe cha plastiki. Plastiki yake ya kwanza ilikuwa Teflon, ile inayopakwa kwenye vikaango ili chakula kisigande. Wagonjwa wapatao 300 waliwekewa, wakatembea, wakafurahi. Baada ya muda Teflon ikaanza kusagika, na unga wake ukawaletea uvimbe na kuula mfupa. Charnley ilimbidi awafungue tena wagonjwa wake. Alipotaka kujua mwili unapokeaje plastiki hizi, alijiwekea vipande ndani ya paja lake mwenyewe: Teflon ikamletea uvimbe, polithini ikatulia. Novemba 1962 akaanza kutumia polithini yenye molekuli ndefu mno, na kutoka hapo upasuaji wa kubadilisha nyonga ukawa kazi ya kila siku duniani.

Vipande vyake vyote alivishikiza kwa simenti ya akriliki, mbinu iliyotoka kwa wataalamu wa meno. Simenti hiyo si gundi. Hujaza mwanya kati ya kiungo na mfupa, ikaganda, ikabana. Kwa mzee anayetembea taratibu kutoka chumbani hadi barazani, inatosha kwa maisha yaliyobaki. Kwa mtu wa miaka 45 anayefanya kazi ya kubeba mizigo, kila hatua ni pigo, na baada ya miaka mingi simenti hupata nyufa na kikombe hulegea. Kiungo kilicholegea huuma kuliko hata ule ugonjwa wa mwanzo, na kukitoa ni kazi ngumu kuliko kukiweka.

Jibu lilikuwa limeshaonekana Sweden, na aliyeliona hakuwa akilitafuta. Mwaka 1952, mjini Lund, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa hai. Alipachika chemba ndogo ya titani kwenye mfupa wa mguu wa sungura ili atazame kwa hadubini. Utafiti ulipokwisha alitaka kuzitoa chemba azitumie tena, maana zilikuwa ghali. Hazikutoka. Mfupa ulikuwa umekua hadi kugusana na chuma na kukishika. Brånemark alihamia Göteborg, na mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wa kwanza meno yaliyoshikiliwa na skrubu za titani. Wenzake wengi walimbeza kwa miaka. Mkutano wa Toronto wa mwaka 1982 ndio uliowafanya wataalamu wa Amerika Kaskazini wamsikilize.

Mfupa, basi, huikubali titani. Lakini kuishika sura laini ya chuma ni jambo moja, na kuingia ndani yake ni jambo jingine. Uchunguzi wa miaka ya 1970 ulionyesha kwamba chuma kikiwa na vitundu vilivyounganika, vyenye upana wa kati ya mikroni mia moja na mia kadhaa, mishipa ya damu hupenya, na chembe za mfupa hufuata. Baada ya miezi michache mfupa na chuma huwa vimefumana, na simenti haihitajiki.

Viwanda vikaanza kuhangaika. Vingine vilibandika shanga ndogo za chuma juu ya kikombe na kuviingiza pamoja ndani ya tanuri. Vingine vilitumia nyuzi za titani zilizoshindiliwa, na vingine vikapuliza titani iliyoyeyushwa kwa plazma. Njia zote hizi zilifanya kazi, na baadhi bado zinatumika hadi leo, lakini zote zilikuwa na udhaifu uleule: koti ni koti. Shanga huweza kubanduka. Joto la tanuri linalozishikiza shanga hizo hupunguza pia uimara wa chuma kilicho chini yake. Tena koti ni jembamba, na mfupa ukishapenya milimita moja hivi hukutana na ukuta. Kampuni ya Implex ya New Jersey ilikwenda mbali zaidi kwa kuifanya metali ya tantali ishike juu ya kiunzi cha kaboni, ikapata kitu chenye vitundu toka nje hadi ndani. Kilikuwa kizuri, na Zimmer ikainunua kampuni hiyo mwaka 2004. Lakini tantali ni nzito na ni ghali.

Fundi yeyote wa karakana angeona tatizo liko wapi. Ukisubu chuma kwenye kalibu, huwezi kupata kalibu yenye vishimo elfu vinavyopitana ndani kwa ndani, maana hutaweza kuitoa. Ukikereza, kisu hakifiki. Ukitoboa kwa keekee, utatoboa mashimo yaliyonyooka, na mfupa haujengi nyumba kwenye mashimo yaliyonyooka. Kilichotakiwa ni kikombe na vitundu vyake vizaliwe pamoja, chuma kimoja, bila koti.

Mashine za kufanya hivyo zilikuwa zinaota mahali pengine kabisa, kwa watu wasiofikiria nyonga hata kidogo. Mwaka 1983, California, Charles Hull alikuwa mhandisi katika kampuni iliyoshughulika na taa za urujuanimno za kukausha rangi na resini. Usiku alijaribu kugandisha resini tabaka kwa tabaka, na kitu cha kwanza kilichotoka ni kikombe kidogo cha kuoshea macho. Hataza yake ilitolewa mwaka 1986, mwaka uleule alioanzisha kampuni ya 3D Systems. Austin, Texas, mwanafunzi Carl Deckard na mwalimu wake Joe Beaman waliacha resini wakatumia unga, wakiunganisha chembe zake kwa leza. Aachen, Ujerumani, taasisi ya Fraunhofer iliomba hataza mwaka 1996 ya kuyeyusha unga wa chuma kabisakabisa, usiwe umeshikamana tu bali uwe chuma kizima. Hospitali zilinufaika mapema, lakini kwa mambo ya pembeni: mifano ya mafuvu ya kumsaidia daktari kupanga upasuaji, na kufikia miaka ya 2000 maganda ya visaidizi vya kusikia, ambavyo karibu vyote leo huchapwa.

Göteborg inarudi hapa. Katika mji uleule ambako Brånemark alipandikiza meno yake, watu wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Chalmers walikuwa wameshiriki katika wazo la kuyeyusha unga wa chuma kwa miale ya elektroni, na mwaka 1997 ikazaliwa kampuni ya Arcam. Mashine yao ya kwanza sokoni, S12, ilitoka mwaka 2002.

Inafaa tuitazame ikifanya kazi. Juu yake kuna bunduki ya elektroni, jamii ya ile iliyokuwa ndani ya televisheni za chogo, ila hii ina nguvu ya kutisha: elektroni husukumwa kwa volti 60,000, na miale yake huongozwa na sumaku, hivyo hakuna kioo kinachogeuka wala mkono unaosogea. Chini kuna meza yenye upana wa takribani sentimita 20. Reki hutandaza unga wa aloi ya titani yenye alumini asilimia 6 na vanadi asilimia 4, tabaka la mikroni 50 hadi 100, yaani kama unene wa unywele. Miale kwanza hupita haraka juu ya unga wote na kuupasha hadi karibu nyuzi 700 za Selsiasi, ukaanza kushikana kidogo. Kisha hurudi polepole na kuyeyusha pale tu mchoro wa kompyuta unapotaka. Meza hushuka kidogo, reki hupita tena. Yote hutendeka ndani ya ombwe, kwa sababu titani yenye joto kali hunyonya oksijeni kwa uroho, na titani iliyoshiba oksijeni huwa kavu na rahisi kuvunjika.

Ule upashaji wa nyuzi 700 unaonekana jambo dogo la kiufundi, nami nadhani ndio ulioamua mambo. Katika mashine za leza, unga hubaki baridi na huru, kwa hiyo kila kipande lazima kishikizwe kwenye bamba la chini kwa mihimili, vinginevyo hujikunja kwa mkazo wa kuyeyuka na kupoa. Katika mashine ya elektroni, unga ulioshikana nusu huwa ndio mhimili wenyewe. Maana yake ni kwamba vikombe vinaweza kupangwa kimoja juu ya kingine, mabunda kwa mabunda, kama vile vya muuza kahawa kwenye sinia lake. Mashine hufungwa jioni, na kesho hufunguliwa ikiwa imejaa. Hapo ndipo printa ilipoacha kuwa chombo cha maonyesho ikawa mtambo wa kiwanda.

Waliolitambua hilo kwanza ni Waitaliano. Mwaka 2007 kampuni ya Adler Ortho ilipata alama ya CE, kibali cha soko la Ulaya, kwa kikombe chake Fixa Ti-Por kilichochapwa kwa mashine ya Arcam. Mwaka huohuo kampuni ya Lima, iliyoko kwenye kitongoji cha San Daniele del Friuli, sehemu inayojulikana zaidi kwa nyama ya nguruwe iliyokaushwa kuliko kwa vyuma, ilitoa kikombe chake cha Delta TT. Herufi hizo mbili zilisimamia titani yenye umbile la mfupa wa ndani, ule wenye vitundu. Daktari Guido Grappiolo ndiye aliyekiweka kwa mgonjwa mara ya kwanza. Hakuna gazeti kubwa lililopiga kelele. Daktari alikipokea kikombe kama vikombe vingine, akakipigilia mahali pake kwa nyundo, maana ndivyo vikombe visivyo na simenti huingizwa, na ukwaruzo wa sura yake ukaushika mfupa tangu dakika ile.

Faida ya pili ilijitokeza polepole. Titani nzima ni ngumu kuupita mfupa mara nyingi: ugumu wake wa kupinda ni kama gigapaskali 110, na wa mfupa mgumu ni kati ya 10 na 20. Chuma kikiwa kigumu mno, hubeba mzigo wote peke yake, na mfupa unaokizunguka, kwa kukosa kazi, hukonda. Titani yenye vitundu hulegea kidogo, ikauachia mfupa sehemu ya mzigo. Mbunifu aliweza sasa kuamua kwa mchoro ugumu uwe wapi na ulegevu uwe wapi, ndani ya kipande kimoja. Kalibu haiwezi hilo.

Watu hudhani printa ikinyamaza kazi imekwisha. Hapo ndipo gharama inapoanza. Kikombe hutoka kikiwa kimefukiwa kwenye keki ya unga ulioshikana, na lazima kipulizwe kwa unga wa titani uleule, kwa sababu mchanga wa aina nyingine ungeacha uchafu ndani ya vitundu. Chembe moja huru iliyobaki inaweza kudondoka miaka baadaye kati ya tufe na kikombe, ikawa msasa. Vipande vingi hutiwa kwenye chombo cha shinikizo la gesi, karibu paskali milioni 100 kwa joto la zaidi ya nyuzi 900, ili viputo vilivyojificha ndani ya chuma vizibane. Upande wa ndani wa kikombe, unaopokea bitana ya plastiki au kauri, lazima ukerezwe, kwa sababu hakuna printa ya unga inayotoa sura laini kiasi hicho. Kisha vipimo, kuosha, kufunga, na kuua vijidudu. Unga uliobaki huchekechwa na kutumika tena, lakini kila mzunguko huongeza oksijeni kidogo; kwa daraja safi la titani ya tiba kikomo ni asilimia 0.13, na kiwanda lazima kijue unga wa kila chungu umepita motoni mara ngapi.

Halafu kuna swali lililowasumbua wasimamizi kuliko yote. Kikombe huwezi kukijaribu kwa kukivunja kisha ukamwekea mtu. Katika kiwanda cha kusubu, kalibu ni ileile asubuhi na jioni. Katika printa, kila kikombe huundwa upya kutoka kwenye vumbi, mstari kwa mstari, na kosa la sekunde moja la miale linaweza kujificha katikati ya chuma. Kwa hiyo kinachothibitishwa si kikombe, bali mashine, unga, mchoro na mikono ya wafanyakazi kwa pamoja. Na katika kila mzigo huchapwa pia vijiti vya majaribio ambavyo huvutwa hadi kukatika badala ya vikombe vyenyewe.

Wasimamizi walikuwa na sababu ya kuwa wagumu. Agosti 2010 kampuni ya DePuy iliviita sokoni virudi viungo vyake vya ASR vya chuma kwa chuma, baada ya kuwekwa vipatavyo 93,000 duniani. Havikuhusiana na printa hata kidogo. Vilitengenezwa kwa njia za kawaida, na kosa lilikuwa kwenye ubunifu. Lakini vilionyesha kwamba kosa la bidhaa ya kiwandani katika tiba halijitokezi siku ya kwanza. Hujitokeza baada ya miaka, ndani ya miili ya maelfu kwa mpigo. Mwaka huohuo wa 2010 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu kikombe cha kwanza kilichochapwa, cha kampuni ya Exactech ya Florida, kwa hoja kwamba kinafanana vya kutosha na vikombe vilivyokuwapo. Miongozo rasmi ya mamlaka hiyo kuhusu vifaa vya tiba vilivyochapwa ilikamilika Desemba 2017 tu, miaka kumi baada ya Italia. Sheria ilikuja ikitweta nyuma ya kiwanda, kama kawaida yake.

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Kampuni ya Stryker ya Marekani ilichagua leza badala ya elektroni, ikijenga juu ya utafiti uliofanywa na Chuo Kikuu cha Liverpool, na mwaka 2013 ikapata kibali cha bamba la goti lenye vitundu kwa upande wa mfupa wa muundi. Mwaka 2016 ilitangaza kutumia karibu dola milioni 400 katika uchapaji, na kiwanda chake kikawa Carrigtwohill, karibu na Cork, Ireland, ambako mistari ya printa hufanya kazi usiku na mchana. General Electric, iliyojulikana kwa injini za ndege, iliichukua Arcam mwaka huohuo. Titani ya ndege na titani ya nyonga ni aloi moja. Beijing, Profesa Liu Zhongjun wa Hospitali ya Tatu ya Chuo Kikuu cha Peking alimwekea mtoto wa miaka 12 mwenye saratani pingili ya shingo iliyochapwa, mwaka 2014, na picha zake zikaenea dunia nzima. Lakini tazama kilichofuata: mwaka 2015 serikali ya China ilitoa kibali, na kibali hicho kilikuwa cha kikombe cha nyonga cha kampuni ya AK Medical, cha saizi za kawaida, kwa ajili ya hospitali zote. Mtoto alileta sifa, kikombe kikaleta kiwanda.

Je, vikombe hivi ni bora kweli? Wauzaji watasema ndiyo kabla hujamaliza kuuliza. Watafiti wa London, kundi la Profesa Alister Hart katika Hospitali ya Kitaifa ya Mifupa ya Stanmore, walivichukua vikombe vya kampuni mbalimbali wakavitia chini ya hadubini. Waliona kwamba neno "kuchapwa" linafunika vitu tofauti sana: ukubwa wa vitundu, unene wa nguzo zake, na hata chembe za unga zilizoyeyuka nusu na kubaki zimeng'ang'ania kwenye nguzo. Huko si kuvilaumu vikombe. Ni kukumbusha kwamba sifa ya kikombe kimoja haiwezi kuazimwa na kingine kwa sababu tu vyote vimetoka kwenye printa. Sweden imekuwa ikiandikisha kila nyonga inayobadilishwa tangu mwaka 1979, na ni rajisi za namna hiyo, si maonyesho ya biashara, zinazoweza kusema kikombe kipi kilidumu na kipi kilirudishwa mezani. Zinahitaji miaka 15 au 20 kutoa hukumu iliyo kamili. Vikombe vya 2007 ndiyo kwanza vinaingia umri huo.

Na huku kwetu? Bara la Afrika limo katika historia hii, na kwa heshima. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Central, Bloemfontein, Afrika Kusini, kina kituo cha uchapaji tangu mwaka 1997. Mwaka 2014 mataya ya titani yaliyochapwa hapo yaliwekwa kwa wagonjwa wa hospitali ya Kimberley, na mwaka 2016 kituo kikapata cheti cha kimataifa cha ubora wa vifaa vya tiba. Hiyo ni kazi ya mgonjwa mmojammoja, watu waliopoteza nyuso kwa saratani, na ni kazi bora. Lakini bado ni upande ule wa fundi cherehani.

Afrika Mashariki ina hitaji lake, na halifanani na la Cork. Anayejaza wodi za Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili si mzee aliyeishiwa gegedu. Ni kijana wa bodaboda aliyevunjika paja. Anachohitaji ni msumari wa kupita ndani ya mfupa, na kwa miaka mingi wengi wa vijana hao wamepata ule wa shirika la SIGN, lililoanzishwa mwaka 1999 mjini Richland, Marekani, na daktari Lewis Zirkle. Ni chuma cha pua, kigumu, bila tundu katikati, kinachofungwa kwa skrubu kwa msaada wa mkono wa vipimo pale ambapo chumba cha upasuaji hakina mashine ya eksirei ya moja kwa moja. Hakuna faida yoyote ya kuuchapa msumari huo. Umbo lake ni rahisi, mashine ya kukereza inautoa kwa haraka na kwa bei nafuu, na wakati mwingine hutakiwa utoke mfupa ukishaunga, kwa hiyo vitundu vingekuwa mtego. Printa hushinda pale ambapo umbo ni gumu na kiungo kinatakiwa kikae milele. Anayetaka kutuuzia printa kwa kila kitu atuonyeshe kwanza ni kitu gani.

Hata hivyo nyonga zinabadilishwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na idadi itaongezeka kadiri watu wanavyoishi hadi uzeeni. Vikombe vinavyoingia vinatoka viwanda vingi, vingine vimechapwa, vingine vimesubiwa, na mgonjwa haambiwi tofauti. Malawi, nchi isiyo tajiri kutuzidi, ilianzisha rajisi ya kitaifa ya viungo mwaka 2005. Ulaya imewalazimu watengenezaji kumpa mgonjwa kadi ya kiungo chake. Kila boksi la kikombe hufika na stika zenye jina la mtengenezaji na namba ya mzigo, na stika moja ni ya faili la mgonjwa. Ukipelekwa kubadilishiwa nyonga au goti, wewe au mzazi wako, mwombe daktari stika nyingine ya ziada uitunze nyumbani pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Siku mzigo wa namba fulani utakapoitwa kurudi, hiyo ndiyo itakayokuambia kama ni wako.